Mtamba Niliyemtazama Mpaka Nikampoteza

Rhotia, Jumapili jioni

Paskalina mwanangu, mwalimu wa kwanza katika ukoo wetu wote, na anayeona najisifu azibe masikio,

Umekwenda mjini Karatu kumuaga bibi yako, nami nimekaa hapa mezani na daftari. Baba yako yuko nyuma anakatia ng'ombe majani. Kesho asubuhi gari la unga linapanda Endulen na wewe utakaa mbele na dereva, nimeshaongea naye, hutapanda juu ya magunia kama mimi enzi zangu. Habari za blanketi, sukari na viatu vya matope sizirudii. Umezisikia mpaka unanijibu kabla sijamaliza. Barua hii nitakupa mkononi kesho, lakini usiifungue hapa. Ifungue mkishapita geti la hifadhi. Ukiisoma mbele yangu nitakutazama usoni, na habari ya kutazama kwangu ndiyo nataka kukueleza.

Mimi niliishia darasa la saba, hilo unalijua. Lakini hakuna mwanamke Rhotia hii anayevuna maharage kama yangu, hata wasionipenda wanakubali. Na kwa ng'ombe usiseme. Kundi la mtu likipita barabarani asubuhi, jioni likirudi nilikuwa nakuambia nani amebaki porini. Madalali wa mnadani waliniita Mama Darubini, kwa sababu ya zile darubini za watalii. Nilikuwa nikiitwa hivyo nanyoosha shingo.

Sasa sikiliza. Tangu ukiwa mdogo unajua kwamba Wamasai wa Endulen walituibia ng'ombe. Unalijua kama unavyojua jina lako, maana mimi ndiye niliyekufundisha. Si kweli, mwanangu. Hakuna aliyetuibia. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwao, kwa sababu unakwenda kufundisha watoto wao, na watu wa kule hawajasahau.

Babu yako mzaa mama alikuwa na rafiki yake Endulen. Sisi huku tuna mashamba, malisho hakuna. Wao kule wana malisho, ila ni ndani ya hifadhi, kulima hawaruhusiwi. Kwa hiyo babu alimpelekea rafiki yake ng'ombe wa kulisha, na mahindi yetu yalipanda kule kila mavuno. Maziwa ni ya anayelisha. Ndama mmoja katika kila watatu ni wake pia. Ng'ombe akifa, unaletewa ngozi yake uione. Na mwenye ng'ombe hapandi kwenda kukagua. Hilo babu yako alilisema kama sala. Habari unaletewa, huzifuati. Ukienda bila kuitwa ukasimama zizini kwa mwenzako unahesabu na kuchungulia, umemwita mwizi, hata kama hukufungua mdomo.

Nilipoolewa, babu alinipa ng'ombe mmoja. Akazaa hapa kwetu mtamba mweupe, ana baka jeusi begani kulia. Baka lenyewe lilikuwa pana juu, jembamba chini, limepinda kidogo kama mkono unaoita mtu. Nilimpenda yule mnyama. Alipoanza kula vizuri malisho yalikuwa yameisha, nikampeleka Endulen kwa Naserian, binti wa yule rafiki wa babu. Wewe ulikuwa na miaka minne. Naserian alimpapasa mgongo akasema, "Huyu atanipa maziwa mpaka ninenepe kama wewe." Tulicheka. Alikuwa rafiki yangu, Paskalina. Sikuwahi kukuambia hivyo. Siku zote nilimwita "yule mwanamke."

Miaka mitatu ikapita bila neno baya. Habari zinakuja na watu wa gari la unga: amezaa, amezaa tena. Halafu siku moja niko mnadani Karatu najisifu, nasema kwamba mimi ng'ombe wangu nikiwekewa katikati ya kundi lote la mkoa nitamtoa nimefumba jicho moja. Dalali mmoja, yule mwenye kofia ya sufu, akaniambia, "Mama Darubini, mbona mtamba wako wa baka nimemuuza mimi hapahapa mwezi uliopita? Hukumwona?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Lakini nilirudi nyumbani bila kununua nilichofuata.

Juma lile nilipanda juu ya magunia nikaenda Endulen bila kuitwa. Askari wa getini akaniuliza kama nakwenda kutalii, nikamwambia nakwenda kuona mali yangu. Naserian alinipokea vizuri, akanipa maziwa. Nikamwambia nataka kumwona ng'ombe. Akaweka kibuyu chini, akanipeleka. Ng'ombe alikuwepo, mweupe, ana baka begani kulia. Nikamzunguka. Nikamwambia Naserian, "Baka lake lilikuwa kubwa kuliko hili."

Akasema, "Na wewe ulikuwa mwembamba kuliko huyu ninayemwona. Nikuulize wewe ni nani?"

Ningecheka pale, mambo yangeisha. Sikucheka.

Mwezi uliofuata nikapanda tena. Nikachana karatasi katikati ya daftari lako la darasa la kwanza, nikalichora lile baka, nikaenda na mchoro. Safari nyingine nikachora upya, nikalinganisha. Michoro haikufanana, na haikunijia kwamba mkono wangu ndio haujui kuchora. Kila nilipomwona nilipata nafuu mpaka gari lifike juu kwenye ukungu, pale ukingoni mwa kreta. Hapo swali linarudi jipya kabisa, kama vile sijatoka kumwona. Je, sikio la kushoto lilikuwa limekatika hivyo? Je, pembe? Nikifika nyumbani nimeshaamua ni mwingine, wamembadilisha.

Baadaye nikaanza kuzunguka minada. Wa hapa, wa Mto wa Mbu, mpaka kwa watu wasionijua. Namtafuta ng'ombe ambaye yuko kwa Naserian anakula majani.

Nimefikiria sana jina la kitu kile, na wewe mwenye elimu huenda unalo. Baba yako alikiita wasiwasi. Lakini wasiwasi ni wa jambo usilolijua, na mimi nilikuwa nimelishika pembe kwa mikono yangu. Katekista akasema ni tamaa. Nikamjibu kwa hasira, na mpaka leo naona nilimjibu sawa, mtu hatamani kilicho chake. Majirani wengine waliniita mwanamke wa bidii, anafuatilia mambo yake, nami nikalipenda hilo. Ila bidii, kazi ikiisha, unakaa chini. Palizi ikiisha unanawa mikono. Hii yangu haikuwa na kunawa. Hamu nayo naijua, nilipokuwa na mimba yako nilikuwa na hamu ya udongo wa kichuguu, nikila inatulia. Hii nilikuwa nikiilisha inakua. Bibi yako, mkwe wangu, alisema waziwazi kwamba nimerogwa, na nikuambie ukweli, hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote, maana lilikuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa. Mimi mwenyewe nilikiita upendo. Nilisema nampenda ng'ombe wa baba yangu. Sasa najua nilichokuwa nakipenda ni macho yangu. Yalikuwa yamesifiwa na mnada mzima. Hayakuweza kuvumilia kuchekwa.

Siku uliyopewa zawadi darasa la tatu, beseni na madaftari, wazazi wote walikuja. Ulirudi umelibeba beseni kichwani, ukanikuta nashuka kwenye gari. Nilikuambia nilikuwa msibani kwa mama mmoja wa Kansay. Ukanipa pole. Ukaniuliza kama watoto wake wanalia. Hakukuwa na msiba, Paska. Nilikuwa Mto wa Mbu nimesimama juani naangalia ng'ombe wa mtu. Na yule mama yu hai, huwa tunakutana kanisani. Kila akinipa mkono nakumbuka nilimwua kwa mdomo wangu ili mwanangu asinikasirikie.

Safari ya mwisho Endulen ndipo nilipolisema neno lenyewe. Nilisimama zizini, wanawake wengine wanakamua, nikasema kwa sauti, "Naserian, ng'ombe wangu mlimuuza. Huyu mmemtoa wapi?"

Aliendelea kukamua mpaka akamaliza, akafunika kibuyu, akaingia ndani.

Majuma mawili baadaye alikuja hapa na mume wake. Siku tatu wametembea. Ilikuwa saa nne asubuhi, mimi naanika maharage, wewe uko nyumbani kwa sababu ulikuwa na mafua. Ulikuwa na miaka kumi. Walikuwa na yule ng'ombe na ndama wake watatu wakubwa, wote, hata yule aliyekuwa haki yao. Mumewe alikuwa na kitu kimekunjwa begani. Naserian alisimama pale langoni, hakuingia.

"Mama Paskalina," akasema, "huyu hapa. Hawa wa tumbo lake. Mmoja alikufa na ukame, ngozi yake ni hii."

Mumewe akaikunjua ile ngozi akaiweka juu ya turubai, juu ya maharage yangu. Baba yako akatoka, akawasihi waingie wanywe chai, wapumzike miguu. Yule mzee akamwambia kwa upole, "Chai ni ya marafiki, baba. Sisi tumeleta ng'ombe tu." Wakageuka. Naserian alikuwa anachechemea. Sikuwahi kuuliza mguu ulikuwa na nini.

Sasa hapa ndipo ninaposhindwa kulala miaka yote hii. Zamani hori la kunyweshea ng'ombe lilikuwa nyuma ya jiko, chini ya ule mti wa mkrevilea. Tulilihamisha mwaka uliofuata baada ya mtamba kuondoka, likaja mbele. Mahali pa zamani palishaota majani, hapana alama yoyote. Yule ng'ombe alipofunguliwa alilipita hori jipya lenye maji. Akazunguka jiko, polepole, akaenda akasimama chini ya mkrevilea, akainamisha kichwa kwenye majani, akangoja.

Wewe ulikuwa umenishika kanga. Ukasema, "Mama, amejua nyumbani."

Nikakupiga kofi.

Najua kofi unalikumbuka, uliwahi kulitaja mbele ya shangazi yako kwa utani, kwamba mama alinizaba kwa sababu nilimwaga maziwa. Hukumwaga maziwa. Ni mimi niliyekuambia hivyo ulipokuwa unalia, mpaka ukaamini, mpaka ukaomba msamaha. Nilikupiga kwa sababu uliona. Mtoto wa miaka kumi, una makamasi, uliona kwa mara moja kitu ambacho mimi nilikitazama miaka mitatu nikashindwa kukiona.

Na hata hapo sikukubali. Nilijiambia ng'ombe yeyote angekwenda kivulini. Siku tatu mfululizo alikwenda pale asubuhi akangoja maji, na siku tatu mimi nilipita nimegeuza uso. Mnada ulipofika nikampeleka yeye na ndama wake wote wakauzwa. Nilimwambia baba yako siwezi kulisha ng'ombe wasio wangu. Walipokwisha kupakiwa kwenye lori la Arusha, yule dalali wa kofia ya sufu akanijia. Akaniuliza, "Mama Darubini, mbona umemwuza yule wa baka? Si ndiye ulikuwa unajivunia?"

Nikamwambia, "Wewe si ulisema ulishamwuza yule wangu?"

Akaniangalia. Akasema, "Mimi? Lini?" Halafu akakumbuka, akaanza kucheka, akashika kofia. "Ah, mama. Ule ulikuwa utani. Ulikuwa unajisifu sana siku ile, nikasema ngoja nikuchokoze. Kumbe ulilichukulia kweli, jamani?"

Lori lilishaondoka. Nilikimbia nyuma yake mpaka lami. Watu walidhani nimeibiwa, wakaanza kunisaidia kupiga kelele za mwizi. Basi na mimi nikawaacha wapige. Hapo ndipo maneno ya wizi yalipopata miguu. Nilirudi nyumbani watu wananipa pole ya kuibiwa, na badala ya kusema hapana, nikasema asante.

Ukalikulia hilo. Ulipokuwa sekondari ulirudi likizo ukanisimulia jinsi ulivyokataa kukaa dawati moja na msichana wa Endulen. Ulimwambia, "Nyie ndio mlimwibia mama yangu." Ulisimulia kwa fahari, ili nikupende zaidi. Nami nilicheka, nikakuwekea kipande kikubwa cha nyama. Sijui yule msichana ni nani. Huenda ni mtoto wa Naserian, huenda siye. Huenda sasa ni mama wa mtoto utakayemfundisha.

Yule ng'ombe hajaniacha. Makundi yakivuka barabara asubuhi na ukungu, huwa yupo mmoja katikati. Nikisogea hayupo. Mvua ikilowesha ukuta wa jikoni, naliona baka lilelile, pana juu, jembamba chini, limepinda kama mkono unaoita. Ukuta nimeupaka chokaa mara nne. Baba yako anadhani napenda usafi. Chini ya mkrevilea sijawahi kupanda kitu, na wewe umeniuliza mara nyingi kwa nini shamba zuri vile linakaa tupu.

Sikuandikii haya ili uniogope. Nakuandikia kwa sababu nimeyaona macho yangu usoni mwako. Ulipokuwa chuo ulinakili daftari zima upya kwa sababu ukurasa mmoja ulikuwa na doa la wino. Niliwasimulia majirani nikiwa nimevimba kifua, nikasema, tazameni binti yangu, hakubali kosa. Kisha nikaingia jikoni nikakaa. Mlango unaufunga, unarudi kuusukuma, unarudi tena. Yule kijana aliyekupenda, ulimpigia simu mara ngapi siku ile aliyochelewa? Sikusemi, mimi ndiye niliyekuzaa. Ila mimi hakuna aliyeniambia kwamba kuna kutazama kunakoharibu kinachotazamwa. Siku utakapomwangalia mtu au kitu chako, ukaona hakifanani na jana, jiulize kwanza kama umelala, kama umekula, kama kuna aliyekucheka. Mimi nilichekwa siku moja mnadani, nikamlipiza Naserian.

Bado moja, na hili ndilo gumu. Barua ya ajira ilipokuja imeandikwa Endulen, wewe ulilia. Mimi nilipiga vigelegele mpaka watu wa shule ya jirani wakatoka nje. Uliniambia, "Mama, unafurahi kuliko mimi niliyeajiriwa." Nilikuambia ni furaha ya mzazi. Sehemu ilikuwa furaha ya mzazi, kwa sababu wewe ni mwalimu, na mimi nimelima maharage kukufikisha hapo, na nitajisifu mpaka nizikwe. Lakini sehemu nyingine nilifurahi kwa sababu nilijiona nimepata macho mengine kule. Nilikuwa nimekuandikia orodha ya maswali. Kama Naserian bado yupo au amehama na wale waliohama kutoka hifadhini. Kama mguu ulipona. Kama wanalitaja jina langu, na wakilitaja wanatema mate au hapana. Nilitaka uniulizie polepole, kila juma, unitumie ujumbe. Orodha ilijaza kurasa mbili. Mchana wa leo nilipoisoma nikaona ni kutazama kulekule. Nilikuwa nakupandisha wewe juu ya magunia, uingie zizini kwa watu bila kuitwa.

Orodha nimeitia motoni, chini ya sufuria ya makande utakayokula ukirudi.

Kwa hiyo sikutumi. Radhi ya kuomba ni yangu, na nimeshafika getini mara mbili kwa ajili hiyo nikarudi, kwa sababu nilijua nitakachofanya nikifika ni kumkagua Naserian uso kuona kama amenisamehe kweli au ananidanganya. Siku nikiweza kwenda bila hilo, nitakwenda kwa miguu yangu. Wewe kafundishe. Wakikuuliza u mtoto wa nani, sema ukweli, taja Rhotia, nitaje mimi, usijifiche nyuma ya jina la baba yako. Wakikasirika, wape nafasi wakasirike, usinitetee. Ukimkuta yule msichana wa dawati, hilo ni lako na yeye, nalo unalijua la kufanya kuliko mimi.

Na lolote watakalokufanyia, wakikufukuza langoni au wakikuita ndani wakakukalisha, usiniambie. Nikipiga simu tuzungumze mvua, wanafunzi wako, mkurugenzi amekupa nyumba gani. Nitauliza, Paskalina. Najijua. Nitalizungusha, nitajifanya nauliza bei ya mahindi huko, nitamsingizia baba yako kwamba yeye ndiye anayetaka kujua. Nitalia hata.

Usinijibu.

Mama yako anayejivunia wewe kuliko shamba lote,
Mama Paskalina